Ukurasa wa Mafuta Yaliyoganda

Ngoie, mdogo wangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa kwenye baraza ya nyumba yetu ya Bel-Air, hapa Lubumbashi, ile ile uliyoiacha, isipokuwa bati limebadilishwa na mparachichi wa uani umekatwa. Mkono wangu umezeeka, kwa hiyo usishangae ukiona mistari inapanda na kushuka. Daktari amesema moyo wangu umechoka. Alisema kwa ile sauti ya upole ambayo madaktari huwawekea watu ambao hawatarajii kuwaona mara nyingi tena. Mimi nilimwuliza tu kama nitafika mwezi wa kumi. Akacheka, akadhani nina harusi ya mjukuu. Sasa mwezi wa kumi umepita, nilichokitaka nimekipata, na ndiyo maana nina nguvu ya kuandika.

Barua hii haitakuwa siri. Binti yangu Clarisse ataichapa, na nakala moja itabandikwa kwenye ubao wa kitivo, pale karibu na ngazi, mahali lilipobandikwa tangazo lako. Hii ya mkono itakuja kwako Moanda. Aibu uliyobebeshwa ilisomwa mbele ya watu. Siwezi kuja kukuomba msamaha chumbani, mlango umefungwa.

Lakini niache kwanza nikumbuke, maana nimekumbuka mambo haya peke yangu muda mrefu mno.

Unakumbuka barua ya Kinshasa? Ilikuwa miaka ile nchi ikiitwa Zaire. Wewe uliyebatizwa Hortense ulikuwa umebaki Ngoie tu kwenye karatasi zote, kwa kuwa majina ya Kizungu yalikatazwa, na mama alikuwa akikuita Hortense jikoni kwa sauti ya chini kama mtu anayeficha chumvi. Mimi nilivaa abakosti, ile suti ya wanaume isiyo na tai, iliyonibana shingo. Kitivoni tulikuwa citoyen na citoyenne, raia kwa raia, hata tukigombana. Mafuta yalikuwa yameanza kuchimbwa baharini mbele ya Moanda, na ofisi moja ya Kinshasa ilitaka jedwali: mafuta yakimwagika kule kwenye jukwaa la kuchimbia, upepo ukiwa hivi na mkondo ukiwa hivi, yatafika nchi kavu baada ya saa ngapi, na yatafikia wapi? Watu wa pwani wangelisoma jedwali hilo, wajue wana muda gani wa kuziba midomo ya vijito vya mikoko kwa magogo na nyasi kavu, mafuta yasiingie kwenye chaza.

Barua ilikuja kwetu Lubumbashi kwa sababu waliojua hesabu za maji walikuwa kwetu. Tulikuwa tukiwafundisha wahandisi jinsi ya kuyatoa maji kwenye mashimo ya shaba. Bahari hatukuwa tumeiona hata mmoja wetu. Baba, mtu wa Kabalo aliyeletwa mjini na kazi ya reli, aliwahi kuliona Ziwa Tanganyika mara moja, akatusimulia siku hiyo mpaka anakufa.

Ulisoma barua ile ukiwa umesimama, ukacheka, ukaniita yaya, kama sisi tunavyomwita ndugu mkubwa.

"Yaya, banatuuliza sisi? Sisi ba Bel-Air?"

"Hesabu ni hesabu," nikakujibu, kwa sauti yangu ya darasani.

"Njo vile. Mais mayi haiko hesabu." Ulikubali kwamba ndivyo, lakini maji si hesabu.

Ulikuwa msaidizi wangu, mwanamke peke yake katika wasaidizi wote, na ulikuwa na kichwa chepesi kuliko changu. Hilo pia sikuwahi kukuambia.

Shuka la mama. Hilo ndilo ninalolikumbuka kwa furaha zaidi. Ulichora pwani yote kwa mkaa juu ya shuka jeupe, ukalitandaza sebuleni, ukaweka kifuniko cha soda mahali pa jukwaa. Halafu ukamwaga maharagwe mia moja juu ya kifuniko. Kila haragwe lilikuwa tone la mafuta. Kwa kila saa tatu ulichora mshale wa mkondo, kisha kwenye ncha yake ukaunga mshale mfupi wa upepo, ukalisogeza haragwe mpaka mwisho wa mshale wa pili. Na kwa kuwa maji hayasogezi vitu vyote sawasawa, ulirusha dadu ya ludo kwa kila haragwe: moja, lisogee kidogo kushoto, sita, kidogo kulia. Maharagwe yakaanza kusambaa yenyewe juu ya shuka, yakawa wingu, wingu likarefuka kama mkia. Nilikaa nikitazama. Wataalamu wenye mashine kubwa walikuwa wakifanya kitu cha namna hiyo hiyo katika nchi nyingine, lakini wewe hukuwa umekisoma mahali popote. Ulikuwa umekiona tu kichwani, ukapiga magoti ukakifanya.

Mama aliingia na sufuria.

"Maharagi yangu iko na safari gani tena leo?"

"Imevuka mupaka, mama. Imefika Angola."

"Basi uiambie irudi. Bantu beko na njaa."

Tulikula Bahari ya Atlantiki siku ile, na bukari, ugali wetu. Mama alisema ina ladha ya mkaa.

Kilichobaki ilikuwa namba moja. Mkondo wa bahari tulipewa na Kinshasa, upepo wa Moanda tulipewa pia. Lakini mshale wa upepo uwe na urefu gani? Upepo ukienda hatua mia, mafuta yaliyo juu ya maji yanakwenda hatua ngapi: moja, mbili, tano? Namba hiyo ndiyo ingeamua kama watu wa pwani wana siku mbili au moja. Vitabu vyetu vilisema tatu hivi, lakini ofisi ilitaka tupime wenyewe, kazi iwe ya Wazaire. Basi tukaenda kwenye ziwa dogo la Karavia. Wazo lilikuwa lako na lilikuwa zuri: ziwa halina mkondo, kwa hiyo kitakachosukuma mafuta ni upepo peke yake.

Mlinzi alikataa mafuta ya gari, alisema matajiri wa majumba ya mtaa wa Golf watamfukuza kazi. Mafuta ya mawese akakubali, kwa kuwa hata bata wakiyanywa hawafi. Tulipigilia vigingi kando ya maji, kila hatua kumi kigingi. Mwendo wa upepo tuliupima kwa kile chombo cha vikombe vinavyozungushwa na upepo tulichoazima kwa watu wa jiografia, lakini upande wake tuliusoma kwenye moshi wa bomba la kiwanda cha shaba, kama watu wote wa mji huu walivyousoma. Moshi ukienda kule, unajua nani atakohoa leo.

Mlinzi hakutuchoka. Kila asubuhi alikuja na koti lake refu.

"Ba professeur! Sasa munakaanga samaki ingali mu mayi?"

"Ndiyo, papa," ukamwambia. "Sisi tuko na mafuta. Weye ulete moto."

Ilikuwa mwezi wa sita, Ngoie. Hapo ndipo makosa yangu yanapoanza.

Unaijua baridi ya Lubumbashi ya mwezi wa sita, nyasi zikiwa nyeupe alfajiri na watoto wakienda shule wameweka mikono kwapani. Nilichagua asubuhi na mapema kwa sababu saa nne nilikuwa na somo, na kwa sababu saa ile ziwa lilikuwa halina watu. Chupa ya mawese ilikuwa inaganda njiani. Mama alikuwa akiipasha kwenye mbabula, jiko letu la makaa, kabla hatujatoka, nawe ukaibeba ndani ya sweta, kifuani, kama mtoto, ili imiminike. Ulipomwaga, mafuta yalitandaa dakika chache tu. Kisha yakaanza kujikusanya. Yakawa mabonge ya rangi ya machungwa, yamezama nusu, yakienda polepole kama watu waliotoka msibani.

Siku tatu ulipima tu. Siku ya nne ukachuchumaa, ukatia kidole majini, ukaokota bonge moja ukanionyesha.

"Yaya, angalia. Iko sawa margarine."

"Naona."

"Mupepo inapita juu yake. Haiikamate. Kule Moanda mayi iko moto, mafuta yao haitaganda hivi. Itakimbia."

"Itakimbia kiasi gani?"

"Sijui. Njo maana turudiye mu mwezi wa kumi, jua ikichoma. Saa nane ya muchana."

"Kinshasa haitatungojea, Ngoie."

Ukasimama, ukafuta mkono kwenye kitenge.

"Kinshasa inaweza kungojea. Mafuta njo haitangojea."

Nilikuwa nimeahidiwa kiti cha profesa endapo jedwali lingefika kabla ya mwisho wa mwezi, na nilikuwa nimekwisha kujiona nimekikalia. Ningeweza kusema kwamba nilikuwa mtoto mkubwa wa nyumba isiyo na baba, kwamba nilikuwa nafikiria familia. Kwa miaka mingi nilijiambia hivyo. Sasa niko karibu na Mungu, basi niseme ilivyokuwa: nilikitaka kiti.

Wote watakaosoma kwenye ubao waelewe desturi ya daftari letu. Msaidizi aliandika kwa penseli, mkuu akaandika kwa wino. Msaidizi angeweza kufutwa na kusahihishwa. Wino wa mkuu ulibaki. Siku ile ulirudi ofisini ukaandika ukurasa mzima kwa penseli. Uliandika joto la maji la kila asubuhi, siku kwa siku. Uliandika kwamba mafuta yaliganda, kwamba namba tuliyoipata ni ndogo mno na haifai kwa maji ya moto, na kwamba jaribio lirudiwe mwezi wa kumi. Mwandiko wako mdogo, ulionyooka, kila saba ikiwa na mkia. Ukaacha daftari mezani kwangu ili niandike neno langu chini kwa wino.

Niliusoma mara mbili. Kisha, king'ora cha kiwanda cha saa sita mchana kilipoanza kulia, niliung'oa. Nilingojea king'ora, Ngoie. Nilikuwa peke yangu ofisini, hakuna ambaye angesikia karatasi ikichanika, na hata hivyo nilingojea king'ora.

Jedwali likaenda Kinshasa na namba ya ziwa la baridi. Ulipouliza, nilikwambia maelezo yako nimeyatia kwenye barua ya kusindikiza. Uliniamini. Nilipewa kiti, mama akapika kuku, ukanipigia makofi kuliko wote.

Mafuta yalimwagika mwaka uliofuata. Hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu kwa hilo kila siku. Watu wa pwani walifungua jedwali letu, wakaona wana siku mbili, wakaenda kukata magogo bila haraka. Mafuta yaliingia kwenye vijito asubuhi ya siku ya pili, wakati magogo yangali yamelala mchangani. Wanawake waliokuwa wakiishi kwa chaza walipoteza chaza zote.

Ikaja tume kutoka Kinshasa, wanaume watatu. Walitaka daftari. Walikaa upande ule wa meza, sisi wawili upande huu, tukiwa tumekaa karibu kiasi kwamba mkono wako wa sweta uligusa abakosti yangu. Mkubwa wao aligeuza kurasa polepole. Akauliza joto la maji limeandikwa wapi, maana mtu yeyote anayejua mafuta angeanza na hilo.

Nilikuwa na muda wa kusema. Nasema hivi ili mtu asidhani nilishtukizwa. Niliona midomo yako inaanza kufunguka kwa furaha, kwa sababu ulidhani sasa ukurasa wako utaonekana. Nami nikasema:

"Msaidizi hakupima."

Uligeuka ukanitazama. Ukaelewa yote kwa mara moja, ukurasa, barua ya kusindikiza, kiti. Niliona ukielewa. Mkubwa wa tume akakuuliza kama ni kweli, citoyenne. Ungesema neno moja tu. Ungesema waende nyumbani kwetu wamwulize mama kwa nini chupa ilipashwa moto kila asubuhi. Lakini wale walikuwa wageni, na mimi nilikuwa yaya wako, niliyekushika mkono siku ya kumzika baba, na katika nyumba yetu mdogo hamvui nguo mkubwa mbele ya wageni. Ulitazama meza.

"Njo vile," ukasema.

Maneno mawili. Nimeyasikia kila mwezi wa sita tangu siku hiyo.

Tangazo lilisomwa Jumatatu baada ya bendera, wanafunzi wamejipanga. Jina lako, uzembe wako, kuondolewa kwako. Mimi nilikuwa mstari wa mbele pamoja na maprofesa, nikitazama moshi wa bomba. Ulikuwa unakwenda kaskazini-magharibi. Sijui kwa nini ninakumbuka hilo.

Mama alikuuliza utakwenda wapi. Ukamwambia unakwenda Moanda kufundisha hesabu kwa watoto, na unataka kuyaona yale maji. Nilikusindikiza mpaka stesheni kwa sababu kutokwenda kungemfanya mama aulize. Ulikuwa na sanduku moja na lile shuka la mkaa limekunjwa juu yake. Mama alikuwa amekataa kulifua. Treni ilipopiga honi ulitoa penseli kwenye nywele zako, ile fupi uliyokuwa ukiichomeka kwenye misuko, ukaniwekea mkononi.

"Shika, yaya. Siku moja utakuwa na kitu ya kuandika."

Hukusema kwa hasira. Ndiyo maana iliniuma.

Ukurasa sikuuchoma. Nilijaribu, nikashindwa, na labda hapo ndipo kitu fulani ndani yangu kilikataa kufa. Niliuficha katika kitabu cha sala cha mama, kile cha jalada jeusi ambacho hakukitumia tena kwa kuwa macho yalikuwa yamepungua, mahali pa sala za Majilio. Mama alipofariki nilikifungua. Ukurasa ulikuwapo, lakini haukuwa kwenye Majilio. Ulikuwa kwenye sala ya kuungama, umelazwa vizuri, umenyooshwa mikunjo. Hesabu mama hakuzijua, lakini saba zako zenye mkia angezijua hata gizani kwa kidole. Sijui alikuwa ameukuta miaka mingapi kabla. Hakuwahi kuniambia kitu. Kila Jumapili alinisogezea nyama kubwa, kama siku zote, na aliningojea. Mimi nikamwacha afe akingojea. Hilo nalo nalitia humu.

Ulituandikia kadi, za Noeli na za misiba. Ulipoolewa, ulipomzaa wa kwanza, mumeo alipofariki. Kadi ya mwaka wako wa pili huko ilikuwa na mstari mmoja chini ya salamu: "Hapa mafuta haigandi, yaya." Niliisoma kama kofi. Niliiweka chini kabisa kwenye sanduku, nikakujibu kwa maneno ya afya na mvua. Mjinga mimi. Ulikuwa unanipa matokeo, nami nikasikia matusi.

Nimeelewa mwaka huu tu.

Mwanafunzi wangu wa zamani, Kasongo, anakagua mabomba ya mafuta kwenye pwani yenu. Mwezi wa pili alikuja likizo, akaja kunisalimu, akanionyesha picha kwenye simu yake. Ukuta wa nyumba ya mkutano ya wanawake wanaotafuta chaza. Juu yake, kwa rangi ya buluu, jedwali: upande mmoja upepo, upande wa pili maji kujaa na maji kupwa, katikati saa.

"Professeur, hii calcul inafanana na ile yako ya zamani," akaniambia. "Mais namba zake haiko sawa na zako. Ya huku inakimbia zaidi."

Nikamwuliza ni ya nani.

"Banaiita tableau ya Mama Ngoie. Mwalimu moja, muzee sasa. Banasema alitembeaka na bamama mu mitumbwi, banatupa maganda ya nazi na mafuta kidogo, banahesabu."

"Na inafaa?"

Alinishangaa. "Inafaa namna gani? Mafuta ilikuya tena, mara mbili. Mara zote mbili bamama balikuwa bamekwisha kufunga mito. Hawakungojea mutu wa Kinshasa. Beko na chaza mpaka leo. Mi mwenyewe nilikula."

Nilimwomba anisomee namba zote, nikaziandika. Alipoondoka nilikaa hapa barazani nikalia, Clarisse akatoka mbio akidhani ni moyo. Na ulikuwa moyo, lakini haukuwa unauma. Nilikuwa nimebeba picha moja muda wote huu: wewe umekaa mahali fulani ukiwa umevunjika kwa mkono wangu. Kumbe wewe ulishuka kwenye treni, ukatandaza shuka, ukaendelea na kazi. Na ukamaliza kitu ambacho mimi niliyebaki na kiti sikukimaliza.

Basi nikamwuliza daktari kuhusu mwezi wa kumi.

Clarisse alinipeleka Karavia kwa gari, saa nane ya mchana kama ulivyosema, jua likichoma mpaka kofia ilikuwa moto kuishika. Kiti changu aliniwekea ukingoni. Vigingi alivipigilia yeye, kila hatua kumi, akinung'unika kama ulivyokuwa ukinung'unika. Chombo cha vikombe tulikiazima tena kwa watu wa jiografia. Kijana aliyetupa alituuliza ni cha nini, nikamwambia ni jaribio lililochelewa kidogo. Bomba bado limesimama, lakini moshi ni mchache na huwezi kuusoma tena, kwa hiyo Clarisse alifunga utepe kwenye fimbo. Mafuta hayakuhitaji mbabula. Yalitoka chupani yakiwa mekundu na mepesi, yakatandaa juu ya maji mpaka yakawa na rangi zote, na upepo ulipokuja, Ngoie, yalikimbia. Nilikuwa na saa mkononi nikashindwa kuisoma kwa machozi. Clarisse akahesabu kwa sauti.

Tulirudia mara sita kwa siku tatu. Nikajaribu na mafuta ya karanga pia, kwa sababu hayo hayagandi, na ili mtu asiseme muzee amejipendelea. Upepo hatua mia, mafuta hatua tatu, mara nyingine na kidogo zaidi. Nilirudi nyumbani, nikachukua namba zako za ukutani, nikazirudisha nyuma hesabu kwa hesabu mpaka nikaufikia mshale wako wa upepo. Ni tatu na kidogo. Nimeikagua mara mbili kama nilivyokuwa nikikagua mitihani. Sikupata kosa.

Wiki iliyopita nilikwenda kitivoni nikiwa na fimbo mkono mmoja na kitabu cha sala mkono wa pili. Mkuu wa kitivo sasa ni mwanamke, hajafika miaka hamsini. Nilimweleza yote, hii hii ninayokueleza. Hakunikatiza. Kisha akaushika ukurasa wako kwa ncha za vidole, akausoma mpaka chini, akauliza: "Alikuwa na miaka mingapi?" Nikamwambia ishirini na sita. Daftari bado liko kwenye hifadhi yao. Aliagiza liletwe, tukaurudisha ukurasa mahali pake mbele ya makatibu wawili, na mchaniko ukaoana na mchaniko. Chini yake palikuwa bado panangojea neno langu. Nikaandika kwa wino: yaliyoandikwa hapo juu na Ngoie, msaidizi, ni kweli tupu, aliyesema hakupima alisema uongo, na ni mimi. Jumatatu ijayo barua hii itasomwa mahali tangazo lako liliposomwa. Nitakuwa mstari wa mbele, nimekaa, hawataniruhusu kusimama. Safari hii sitatazama juu.

Mkuu huyo anataka kukualika. Anataka uje uonyeshe wanafunzi maharagwe juu ya shuka, kwa sababu anasema wana kompyuta za kutosha lakini hawaoni kinachotokea ndani yake. Nilimwambia sina haki ya kukuomba. Akasema basi atakuomba yeye. Barua yake imo ndani ya bahasha hii. Ukija, chumba chako kiko upande wa jua, na Clarisse anajua kupika sombe, majani ya muhogo, kama mama. Usipokuja, nitaelewa, na mawese yatabaki chupani yakingojea mtu mwingine mwenye akili.

Sikuombi uniambie kwamba haikuwa kitu. Ilikuwa kitu. Naomba tu ujue kwamba najua, na kwamba wengine wote watajua kabla sijaondoka. Nina amani ambayo sikuistahili, na nusu yake umenipa wewe bila kujua, kwa rangi ya buluu juu ya ukuta.

Sasa tazama vizuri maandishi haya. Umeyashika, umeona kwamba yanang'aa kidogo ukiyageuza kwenye mwanga. Si wino. Ni ile penseli yako ya stesheni; imebaki fupi kama kidole cha mtoto na nimeichonga kwa kisu cha jikoni. Barua yote nimeiandika nayo, kama msaidizi anavyomwandikia mkuu wake. Mahali nilipokosea, futa. Mahali nilipojihurumia, futa. Na pale chini nimekuachia nafasi tupu, ya neno lako kwa wino.

Mimi, niliyekuwa mkubwa kwa miaka tu,
yaya wako